Lile Boma la Baba Yako

Somoe mwanangu,

Assalaam aleikum. Najua hii utaiitikia, maana salamu ya dini huwezi kuikataa hata ikitoka kwa mtu uliyemkasirikia. Haya, umeshaitikia, sasa usiikunje karatasi. Soma mpaka mwisho. Hiyo ndiyo amri yangu ya mwisho kwako, baada ya hapo sina nyingine.

Niko mjini. Nimefika tangu mchana, nimefikia Ufukoni kwa Mama Zuhura, na nia yangu ilikuwa nije Likombe moja kwa moja tuagane. Nimekwenda mpaka kijiwe cha bodaboda. Yule kijana ameniuliza, "Mama, wapi?" nami nikageuka nikarudi. Mimi niliyezoea kusimama mbele ya mkutano wa kijiji na kuwanyamazisha wanaume wenye mvi, nimeshindwa kwenda kwa wifi yangu kumuaga mtoto niliyemzaa mwenyewe. Basi shangazi yako Fatu atapitia hapa baada ya Magharibi kuchukua mfuko wako wa ming'oko ya kuchemsha na korosho, nami nitamkabidhi na barua hii. Jua bado lipo. Mama Zuhura amenipisha barazani, ameuona uso wangu akaacha kuniuliza maswali.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala kufunga milango. Wewe ni mwalimu sasa, una cheti na barua ya ajira, na huko Katavi kuna watu kama huku. Nataka kukuandikia habari ya boma, hiyo tu. Tangu siku ile hujaniita mama. "Shikamoo, Mwenyekiti." "Nimekusikia, Mwenyekiti." Hata kwenye msiba wa bibi yako, mbele ya watu wote, "Mwenyekiti, chumvi iko wapi?" Watu walidhani unanitania. Mimi nikakupa chumvi, nikaingia ndani nikalia kwenye kanga, halafu nikatoka kuendelea kupika.

Unamkumbuka baba yako kuliko ninavyodhani, au kidogo kuliko unavyojidai, sijui. Ulikuwa mdogo wakati kijiji kilipokubaliana kujenga vyumba viwili vya madarasa. Shule yetu ilikuwa na darasa la kwanza, la pili na la tatu wote katika chumba kimoja, mwalimu akigeukia huku, kule wanapigana. Serikali ilikuwa inasema, wananchi inueni kuta mpaka kwenye lenta juu ya madirisha, na sisi tutapaua. Watu wakakubali wakatwe kidogo kwenye korosho zao pale chama cha msingi, kila mkulima, hata wale wagumu. Wanawake tukabeba maji na mchanga. Na baba yako, fundi mzima wa kutafutwa mpaka Mikindani, akasema yeye mshahara wake watampa siku bati litakapopanda.

Nilimgombeza, ee! Nilimwambia, "Bakari, watoto wako watakula lenta?" Akacheka tu. Alikuwa mtu wa kucheka, hilo hukulirithi, umerithi mdomo wangu. Na wewe alikuwa anakuchukua ukashike mpira wa maji. Yeye ncha hii, wewe ncha ile, umeziba na kidole gumba mpaka akuambie achia, halafu mnangoja maji yasimame mjue kama ukuta umelala sawa. Nilikuwa nakusikia toka nyumbani unapiga kelele, "Baba, yametulia!" Ukirudi jioni una saruji mpaka kwenye nyusi, na mimi nakusugua huku nakulaani wewe na yeye. Siku hizo nilikuwa mtu mwenye furaha, ila sikuwa najua kwamba ndiyo hiyo.

Kuta zikafika kwenye lenta. Kile kifua kikamchukua baba yako kabla ya masika, na bati halikupanda. Mwaka ukapita, na mwingine, na mingine. Boma likasimama pale bila paa, linanyeshewa, mbuzi wanalala ndani, na halikupata ufa. Mafundi wengine walikuwa wanakuja kuligonga kwa ngumi na kutikisa kichwa. Mimi nilikuwa nikipita pale jioni naweka kiganja ukutani, kama ukuta umepata jua la siku nzima unakuwa na joto. Hili sijawahi kumwambia mtu.

Uenyekiti wa kamati ya shule nilipewa kwa sababu ya ukuta ule, tusidanganyane. Elimu yangu ya darasa la saba unaijua. Watu walisema mke wa Bakari atalipigania boma, wakaninyooshea mikono. Nikaanza kujifunza mambo ya fedha za shule, na yalinishangaza. Nilikuwa nadhani hela ya serikali ni hela, ikifika imefika. Kumbe kila hela inakuja na jina lake. Kuna ruzuku ya uendeshaji inayokuja kwa kuhesabu vichwa vya watoto, ya chaki, mitihani na ukarabati mdogo, na humo ndani nayo imegawanywa, hii ya hiki na hii ya kile. Ukichukua ya mitihani ukaziba bati linalovuja, hata kama mvua inawanyeshea watoto usoni, umekosea. Ya uji haimo kabisa, ndiyo maana tunawachangisha wazazi mihogo. Na ile ya ujenzi inakuja na ramani yake, na isipotumika mwaka wa serikali ukiisha, mwezi wa sita, inarudi ilikotoka.

Inarudi. Neno hilo lilikuwa linaninyima usingizi, na sababu unaijua. Kabla yangu mwenyekiti alikuwa Mzee Hashimu. Wakati wake ilikuja hela ya vyoo, watu wakagombania kiwanja mpaka Juni ikapita, hela ikarudi. Unajua watu wetu walivyo. Kile kiwanja kitupu nyuma ya shule kikaitwa Choo cha Hashimu. Watoto wanacheza mpira, "Umeingia Choo cha Hashimu, kaulete!" Mwenye mbuzi aliyepotea anaambiwa, "Mcheki Choo cha Hashimu." Yule mzee akaacha kusali Ijumaa msikiti wetu, akawa anatembea kwenda kijiji cha pili. Amekufa, Mungu amrehemu, na jina lipo mpaka leo. Mimi mwenyewe nilikuwa nalitamka huku nacheka.

Sasa ndiyo ikaja ile hela ya madarasa mawili, imechelewa kama kawaida yake, mwezi wa nne umekwisha. Mhandisi wa halmashauri akaja na futi yake, akapima boma ndani na nje. Akalisifu. Akasema aliyejenga hapa alikuwa fundi. Halafu akasema vyumba vimepungua kipimo kwa ramani iliyokuja na hela, na hela imekuja kwa madarasa mapya. Tukatafuta pengine pa kujenga. Upande wa kushoto makaburi, nyuma ndiyo hicho kiwanja cha vyoo ambacho watu walishaanza kukigombania upya, mbele maji ya chumvi yanapanda mpaka kwenye mikandaa, na upande wa kulia mikorosho ya watu, wanataka fidia, na fidia haimo kwenye hela ile. Palipobaki ni pale boma lilipo.

Hapo unapajua. Usipopajua ndipo ninapokwenda sasa.

Mhandisi alipokuwa anapanda gari aliniita pembeni. Akaniambia, "Mama Mwenyekiti, mkitaka hela hii imalizie boma lenu, iko njia. Kaeni mkutano, andikeni muhtasari, muombe kibali cha kubadili matumizi. Mimi siahidi kitu. Na Juni hiyo hapo."

Nikamuuliza, "Kibali kikichelewa?"

Akasema, "Basi inarudi."

Somoe, niliusikia ule mwisho tu. Nikaliona boma limebaki vile vile, na hela imerudi, na watoto wanapiga mpira wanasema umeingia kwa Mama Somoe. Nikaingia mkutanoni nikawaambia, "Mhandisi amesema boma halifai kwa hela hii." Uongo haukuwa, na ukweli haukuwa. Ile njia ya kibali sikuitaja. Mzee mmoja akauliza, "Hakuna namna nyingine?" nikamjibu, "Kama unayo wewe, iseme." Watu wakacheka, naye akakaa. Wakanyoosha mikono. Nami nikatia saini.

Jioni yake ulikuwa umekuja likizo kutoka chuo. Tunakula. Ukaniambia, "Mama, kwani haiwezekani kuomba hela hiyo ipaue boma?" Umeuliza kwa upole kabisa, hukunikosea adabu. Nami nikakupigia kelele, "Mwaka mmoja chuoni unataka kunifundisha mimi serikali?" Ukasema, "Sikufundishi, nauliza." Nikakwambia, "Kula, funga mdomo." Ulidhani nimekasirika kwa sababu hujui unachosema. Nilikasirika kwa sababu ulikuwa umesema sawasawa maneno ya mhandisi, na ningekujibu nini? Tunasema kuuliza si ujinga. Sawa. Na anayeulizwa akajua jibu akalimeza, huyo tumwite nani?

Asubuhi wakaja vijana na nyundo. Karibu wote walikuwa wamefundishwa kazi na baba yako. Saidi ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Wakasimama pale, jua likapanda, hakuna aliyeinua mkono. Saidi akaniambia, "Mama, sisi hatuwezi. Tutafutie watu wa mjini." Nikaona, mtu wa mjini aje na redio yake, anatafuna kashata, apige ukuta wa Bakari? Hapana. Nikamnyang'anya nyundo. Nilipiga mimi. Najua uliniona, ulikuwa umesimama kwenye kona ya ofisi ya walimu, kanga mdomoni. Pigo la kwanza ukuta haukuhisi kitu, nyundo ikarudi ikaniumiza bega. Nikapiga tena. Nilipiga mpaka tofali la kwanza likatoka, vijana wakaona aibu wakanipokea. Nilipogeuka hukuwepo. Nyumbani nikakuta begi lako halipo, na sahani yako umeiosha.

Watu waliokuambia kwamba nilipiga kwa kiburi cha cheo, waache. Na wewe uliyeamini, nakuelewa pia. Ningekuwa mimi ningeamini.

Kuta zile zilianguka kwa mapande makubwa, zimekataa kuvunjika. Kifusi chote kilijazwa kwenye msingi wa vyumba vipya, chini ya sakafu, fundi alisema hakuna sababu ya kununua mawe. Sikuambii hili ili upoe. Nakuambia kwa sababu ulikuwa umeshaondoka na nilitaka ujue ziliko.

Madarasa yakaisha kabla Juni haijaisha, sherehe ikafanyika, nikapewa kitenge. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba basi, hapakuwa na njia, Mungu ndiye aliyepanga. Msimu wa korosho ukaja. Siku moja niko ghalani tunangoja mnada, yuko mwenyekiti wa shule ya kijiji cha jirani, mzee mmoja mpole hivi, hasikii vizuri sikio moja. Anapiga soga. Ananiambia nao walipata hela kama yetu, nao walikuwa na boma. "Tuliomba kibali bwana! Walinirudisha mara ya kwanza, muhtasari hauna mihuri. Mara ya pili sijui nini tena. Nikawaambia mimi sitoki hapa, nikalala mjini kwa mwanangu. Wakanipa." Boma lao limepauliwa, na kilichobaki wakanunulia madawati. Alikuwa anafurahi, hakujua anayemsimulia. Akaniuliza, "Na nyie lenu mlilifanyaje?"

Nikamwambia, "Tulilibomoa."

Akasema, "Aa," kwa sauti ndogo, halafu akaanza kuzungumzia bei.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, gari lilinipita sikulisimamisha. Nilipika sikula. Nikajua kwamba kulikuwa na mtu mmoja tu duniani wa kumwambia, na huyo alikuwa Likombe na hapokei simu yangu.

Sasa nakuona unavyosoma, umekunja midomo, unasema, kumbe. Ndiyo, kumbe. Lakini ngoja, kuna jambo jingine gumu zaidi na sijui kulieleza. Nikipita shuleni asubuhi nasikia watoto mle ndani wanaimba hesabu za kujumlisha. Wamekaa sawa, hawanyeshewi, mwalimu ana ubao mzima wa kwake. Mtoto wa Saidi yumo. Nafurahi, mwanangu. Moyo unanyanyuka wenyewe kabla sijauzuia. Halafu hapo hapo naichukia ile furaha, nataka kuirudisha. Vyumba vingekuwa vibaya ningejua pa kuweka machungu yangu. Vyumba ni vizuri. Nimekosa hata pa kulilia.

Mwezi uliopita muda wangu wa uenyekiti uliisha, na sikugombea tena. Hata hilo hukulijua, bado unaniita kwa cheo nilichokwisha kukirudisha. Siku ya kukabidhi nilisimama, nikauambia mkutano mzima yale mhandisi aliyoniambia pembeni, na kwamba niliwaficha. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa kupewa jina. Mtoto wa mtu akakohoa, halafu Bi Asha akasema, "Haya, tumesikia. Ajenda inayofuata." Wakaanza kugombania michango ya uji.

Yaani basi. Ile kelele niliyoiogopa mpaka nikapiga ukuta wa mume wangu, haikuwepo. Ingekuwepo pengine, kama hela ingerudi. Wangecheka msimu mmoja, miwili, nami ningenuna, ningezoea, ningekwenda kusali kijiji cha pili kama Hashimu na kurudi. Na wewe ungekuwa unakuja nyumbani.

Wewe huko unakokwenda, kwa kuwa ni mgeni na kijana na una mwandiko mzuri, watakutia kwenye kamati ya manunuzi au ya mapokezi kabla hujajua choo cha walimu kiko wapi. Watakuletea saruji jioni na karatasi ya kusaini kwamba umeipokea yote. Utaijua kazi kunishinda, sina la kukufundisha hapo. Ninachojua mimi ni kidogo. Siku utakapomwona mtu wa kijijini ana haraka ya Juni, anajibu watu kwa ukali, anafanya mkutano ucheke ili asiulizwe, usimwone mwizi. Inawezekana hajaiba hata msumari. Inawezekana anaogopa. Kaa naye pembeni umuulize kuna nini, na akikufokea, muulize mara ya pili. Mimi ungeniuliza mara ya pili ningekwambia. Silaumu, usinielewe vibaya, mtoto aliyefokewa na mama yake anauliza vipi tena? Nasema tu kwamba nilikaa pale na sahani yangu nangoja, na wewe ukanyamaza kwa adabu niliyokufundisha mwenyewe.

Mama Zuhura ameleta chai, imepoa. Adhana itatolewa sasa hivi na Fatu si mtu wa kuchelewa.

Radhi yangu unayo, tangu siku ulipozaliwa mpaka nitakapofukiwa, usisafiri na wasiwasi wa hilo. Hata ulipoosha ile sahani ukaondoka, ulikuwa nayo. Yako mimi siidai. Mzazi hadai radhi kwa mtoto, hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Ila ningekuwa mtu wa kuomba, Somoe, ningeomba. Naona nimeshaomba.

Kesho alfajiri nitakuja stendi. Sitakusogelea, usiogope, sitakuaibisha mbele ya wenzako. Nitasimama karibu na wauza maji, nimevaa ule ushungi wa kijani. Mabasi haya yana mapazia na sijui utakaa kiti gani. Ukipenda, fungua pazia kidogo. Usipopenda liache, mimi nitalipungia mkono basi zima, si umo humo ndani.

Mama yako.